Ardhi ya Watu

Nafundisha kompyuta Ukunda, na huniudhi sana mtu akidhani wingu la mtandaoni liko mbinguni. Ni mashine za watu, ziko papa hapa duniani, nasi tunazikodi kupitia mtandao.

Jioni moja mamangu aliniuliza hasa nafundisha nini. Nikamwambia ni habari za wingu: kuna anayekodi mashine tupu, kama kiwanja, akajijengea kila kitu. Kuna anayekodi iliyokwisha kutayarishwa, kama nyumba, yeye akaleta vyombo tu, yaani programu zake. Na kuna anayekodi kila kitu, kama chumba cha hoteli kilichotandikwa; barua pepe ndivyo ilivyo.

Nyumba yetu ya Diani baba aliijenga kwa jasho lake, lakini ardhi ilikuwa ya mtu, kama ilivyo kwa wengi huku pwani. Mwenyewe alipoitaka, tuling'oa milango na mabati, kuta tukaziacha zimesimama.

"Kwa hivyo hilo wingu ni ardhi ya mtu," mama alisema.

"Naam, mama."

"Na picha za marehemu babako umeziweka wapi?"

Zote zilikuwa huko huko.