Namba ya Baba

Tulimzika Baba mwezi wa nane, na bado nikifika nyumbani Mogogosiek macho yangu huenda kwanza kwenye shamba la majani chai, yakimtafuta. Kipkosgei, baba yangu, alikuwa mtu mkaidi. Nasema kwa upendo, lakini nasema. Nikiwa darasa la tatu, mvua ya mawe ilimpasua kichwa akiwa shambani. Alimaliza kuchuma mstari wake ndipo akafuta damu. Aling'olewa jino mjini Sotik, akatoka akituuliza kama tumekunywa chai. Rika lake walipotahiriwa, aliyekunja uso aliitwa mwoga hadi alipozeeka, na Baba hakukusudia kuanza kukunja uso akiwa na miaka sabini na mbili.

Ndipo saratani ikaingia kwenye mifupa yake.

Mimi ni mwanakemia. Kazi yangu Nairobi ni peptidi, yaani minyororo mifupi ya vipande vilevile vinavyojenga protini. Mwili wenyewe hutengeneza baadhi yake ili kutuliza maumivu, ila huikatakata baada ya dakika chache. Sisi hubadilisha kipande kimoja na kuunganisha ncha mbili za mnyororo, ili ukae saa nyingi bila kukatwa. Nilimweleza Baba haya jikoni kwa Mama, nikichora pembeni mwa gazeti.

"Kwa hivyo mnafunga geti ndio ng'ombe isikule mahindi," akasema.

"Ndiyo, Baba."

"Si ungesema hivyo tangu asubuhi?"

Hospitali moja Kisumu ilikuwa ikijaribu dawa ya aina hiyo, iliyotengenezwa na watu wengine, kwa wagonjwa ambao, kama yeye, miili yao iliikataa morfini, ile dawa kali ya maumivu. Sharti kubwa lilikuwa kwamba maumivu yafike tano au zaidi kati ya kumi. Nilimpeleka. Nesi mmoja mpole, Phelix, akamwinamia. "Mzee, sifuri ni hakuna uchungu, kumi ni ile mbaya kabisa. Wewe uko ngapi?"

"Moja," Baba akasema. "Na hiyo ni ya uzee tu."

Tukarudishwa nyumbani. Nilikuwa na hasira njia nzima.

Tulipofika, Mama alinivuta kando akanionyesha mkanda wa Baba wa ngozi. Ulikuwa umejaa alama za meno.

"Akitaka kuinuka kitandani, anauma hii," akaninong'oneza. "Halafu ananiambia nisikwambie."

Nililia kidogo, kisha nikamfuata kwenye kiti chake. Sikumbembeleza. Miaka yote aliyopeleka majani kwenye kituo cha kupimia chai, kuna watu waliyamwagia maji ili yawe mazito, na Baba aliwadharau hadharani.

"Baba, umewahi kumwagia majani maji ndio mizani ipande?"

Alinitazama kama nimemtukana. "Mimi? Chelimo, mimi?"

"Basi mbona umedanganya mizani ya Phelix? Yule anayepunguza na yule anayeongeza, wote si ni waongo?"

Mama akaleta chai, na Baba akainywa yote.

"Tutarudi lini?" akauliza.

Wiki iliyofuata Phelix aliuliza swali lilelile. Baba alivua kofia, akaishika magotini, akaangalia sakafu.

"Tisa," akasema. "Tangu mwaka juzi, Disemba."

Akakubaliwa. Kama alipewa dawa yenyewe au ile bandia ya kulinganishia, sijaambiwa hadi leo. Najua alilala vizuri miezi minne, na ninashukuru. Lakini pale aliposema tisa, sikuwa nikifikiria dawa. Disemba hiyo ndipo nilipohitimu shahada yangu ya uzamivu ya kemia. Baba alisimama kwenye uwanja wa mahafali saa tatu nzima akikataa kiti, na kila nilipomuuliza kama amechoka, alicheka akaniambia, "Wewe piga picha."