Mchezo Ulioitwa Mshono

Binti yetu wa mwisho tulimwita Kitinda, na jina likamganda. Alikulia chini ya cherehani. Mama yake alikuwa fundi wa nguo za kike, sebule ndiyo ilikuwa duka lake, na mtoto alichezea vipande vilivyoanguka. Tulidhani atakuwa fundi. Akawa mtu wa kompyuta.

Yeye na rafiki yake mchoraji walikodi chumba juu ya duka la rangi. Meza mbili, feni moja, waya kila mahali. Humo wakatengeneza mchezo wa simu. Ndani ya mchezo wewe ndiye fundi. Wateja wanakuja, unapima, unakata, unashona. Ukikosea kukata, kitambaa hakirudi. Maneno ya wateja Kitinda aliyatoa kwa mama yake. Kuna mama mmoja mnene anagonga mlango kila asubuhi: "Fundi, hiyo kesho yako ni ya mwaka gani?"

Mke wangu alipomwona alicheka mpaka machozi. "Huyu namjua! Hata kiatu kinavyolia ni chake."

Mchezo wakauita Mshono. Tulilipenda jina. Hakuna aliyeliwazia ubaya.

Ukauzwa, ukapendwa. Kisha wezi wakauvunja kufuli, wakaugawa bure. Kitinda alinionyesha. Ni ule ule, ila wamebandika matangazo ya kamari juu ya meza ya fundi. Akawa anawaandikia wenye mitandao wauondoe. Ukitolewa huku unachomoza kule.

"Kama magugu, baba. Nang'oa, yananicheka."

"Na yule mama mnene wamemwiba pia?" mama yake akauliza.

"Wamemwiba."

"Basi usihangaike. Huyo watamrudisha wenyewe."

Tulicheka, lakini mtoto alikuwa anakonda. Mchezo wa pili aliuacha katikati, siku nzima anafukuza wezi. Mwisho akaajiri kampuni ambayo kazi yake ni hiyo. Unawapa jina la kazi yako na picha zake, mashine yao inapekua mtandao. Kinachofanana kinashitakiwa na kuondolewa. Maswali yanakuja baadaye. Kitinda akawapa jina: Mshono.

Wakati huo mama yake alikuwa hashoni tena. Figo zilimchosha, miguu ikavimba, pedali ikamshinda. Lakini mikono ilikuwa mizima, na fundi hakai bure. Kitinda alimfungia simu juu ya meza, ikimulika mikono tu, akawa anafundisha kwa video za mtandaoni. "Mshono wa leo ni wa kola," huanza hivyo. Au wa mfuko, au wa pindo. Masomo yakawa mengi. Simu ilipojaa Kitinda alimwambia, "Futa, mama, ziko salama mtandaoni." Akafuta.

Wanawake wa mahali tusipopajua walimwandikia. Walimwita Bibi Mshono. Asubuhi akishameza dawa ananisomea.

"Sikiliza huyu. Anasema, 'Bibi, gauni limekaa, mume wangu ameuliza nimenunua duka gani.'"

"Amwambie la ghali, asimzoeshe," nikasema.

"Nyamaza wewe. Hata kifungo hujui kushona."

Kwa mgonjwa, hiyo ilikuwa dawa nyingine.

Asubuhi moja somo la mfuko halikuwepo. Kesho yake mengine yakapotea. Kisha ukurasa wake wote ukafungwa. Alidhani amebonyeza vibaya. Kitinda alipokuja kutujulia hali akampa simu.

Kitinda akasoma. Akakaa kitandani.

"Nini?" mama yake akauliza.

"Wameyaondoa. Kuna mtu amedai hakimiliki."

"Hakimiliki ya mfuko! Nani huyo?"

Binti yangu akaiweka simu kifudifudi.

"Mimi, mama."

Akatueleza. Mashine ilikuwa imepewa neno mshono, na picha za mkasi, chaki na kitambaa. Ilipoyakuta kwa mama yake ikamkamata. Haikujua kwamba mshono ni neno la watu wote, wala kwamba mkasi uliochorwa kwenye mchezo ni huu wa mezani kwetu. Mafundi wengine nao waliondolewa.

Mke wangu akacheka kidogo. "Kumbe nimekuwa mwizi uzeeni." Kisha akageukia ukutani.

Kitinda aliwaandikia kampuni. Alijibiwa na mashine, kwa heshima sana. Alipompata mtu, mtu akaomba radhi, akafuta madai. Lakini wenye mtandao walikuwa wamekwisha kumwandika mama kuwa mkosaji sugu. Wakasema wanapitia upya, asubiri.

Hapo Kitinda akavunja mkataba na kampuni. Mama yake alipojua akakasirika.

"Umewaachia wezi mlango wazi? Kwa ajili ya kola na mifuko?"

"Siwezi kukushitaki tena, mama."

"Ile ni kazi yako!"

"Na hii ni yako."

Baadaye mke wangu akasema taratibu, "Mimi sitaki kingine. Nataka tu wale wanawake wasidhani nimewakimbia."

Kitinda alimfungulia ukurasa mwingine. Akafunga simu juu ya meza kama zamani. Mama akashika kitambaa, akaanza, mkasi ukala pembeni. Akatazama alipokata.

"Zima," akasema.

Hakujaribu tena. Kila asubuhi aliuliza, "Wamefungua?" Kitinda alikuwa akijibu, "Kesho, mama."

"Hiyo kesho ni ya mafundi. Mimi sidanganyiki nayo."

Akafa ukurasa wake haujafunguliwa. Hadi leo wanapitia. Mchezo nao uko kwa wezi, na Kitinda hawafukuzi. Anasema hana nguvu hizo.

Siku za msiba alikuja mwanamke tusiyemjua. Alikuwa ameulizia kwa mafundi, duka hadi duka, mpaka akatupata.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

Akatupa pole, akakaa karibu na Kitinda. Alikuwa akifinyafinya pindo la gauni lake.

"Dada, nina aibu kusema. Masomo ya bibi niliyaiba."

Kitinda akainua kichwa.

"Kwetu mtandao ni wa kubahatisha. Nikawa nayapakua yote kwenye simu. Nikawapa wenzangu, tuko kikundi cha ushonaji. Hatukuomba ruhusa. Alipofungiwa tuliogopa tusije tukaulizwa, tukanyamaza."

Akatoa kadi ndogo ya simu, ile ya kuhifadhia video, ndani ya kitambaa, akaiweka mkononi mwa Kitinda.

"Yamo yote?"

"La kola halimo. Nafasi ilikwisha."

"Na mlikuwa mnayatazama? Hata baada ya kufungwa?"

"Kila Jumamosi, dada. Wengine wameanza kuchukua wateja. Tukibishana tunasema, ngoja tumwulize bibi, tunarudia tena."

Kitinda akafunika uso kwa mikono. Yule mwanamke akaogopa, akaanza kuomba radhi. Nikamwambia hajakosa kitu, anywe chai.

Mke wangu alikufa akihofu kwamba wanadhani amewakimbia, nao walikuwa wamekaa naye kila Jumamosi. Ilitaka mtu mmoja tu wa kumwambia, siku moja kabla. Nilitaka kumwuliza yule mwanamke kwa nini hakuja mapema. Sikumwuliza. Alijiona mwizi, na mwizi hapigi hodi.