Zacharie Alitaka Kubebwa

Zacharie alikuwa mwashi kutoka Uvira. Alifika Stockholm mwaka 2005 na mkewe Emérithe na binti yao Olive, aliyekuwa bado ananyonya. Wakapewa nyumba Akalla, ghorofa ya tatu, na hawakuhama tena. Mimi natoka Kigoma, upande wa pili wa ziwa lile lile, kwa hiyo siku tulipokutana kwenye ibada ya Kiswahili kule Rinkeby alinikagua toka juu mpaka chini akasema, “Ah, jirani!” Nikamwita kaka, naye akaniita jirani mpaka mwisho, ingawa mimi naishi Tensta na kwenda kwake lazima nipande basi.

Uashi hawakumpa. Walimpa koleo. Kwa majira kumi na mawili ya baridi alipanda mapaa ya katikati ya jiji, mapaa ya bati yenye mteremko mkali, kamba kiunoni, akisukuma theluji iporomoke barabarani huku mwenzake amesimama chini na filimbi kuwazuia wapita njia. Theluji ile ikiachwa huganda, na siku moja humwangukia mtu kichwani. Waliopita salama chini ya mapaa yale wamshukuru Zacharie, ingawa wakati ule walikuwa wakimtukana kwa sababu amewafungia njia na wamechelewa kazini.

Na theluji ya miaka ile ilikuwa theluji kweli. Kuna mwaka ilifika kwenye madirisha ya ghorofa ya chini. Hakuna aliyeipa jina. Zacharie alikuwa na tabia ya kusimama mbele ya kibanda cha magazeti pale madukani katikati ya Rinkeby na kusoma mabango kwa sauti, kwa Kiswidi chake cha kukwaruza, kisha anacheka. “Jirani, ona! Banasema leo ni baya. Mimi natoka kule juu, sikuona kitu.” Alikuwa na barafu kwenye ndevu wakati anasema hayo.

Mwaka 2017 alianguka. Hakuanguka kutoka kwenye paa. Alianguka kutoka kwenye ngazi fupi ya stoo, akirudisha koleo, na uti wa mgongo ukavunjika. Tangu hapo alikaa kwenye kiti cha magurudumu miaka saba na kitu.

Kile kiti alikichukia kwa moyo wake wote. Watu walikishika kwa nyuma bila kumuuliza, wakamgeuza kulia, wakamgeuza kushoto, wakamwegesha ukutani na kuanza kuzungumza wao kwa wao juu ya kichwa chake. Niliona mara moja, kwenye kituo cha treni cha Kista, kijana mmoja akimsogeza pembeni ili apite, kama anavyosogeza kabati. Zacharie alinitazama tu, na mimi nikajifanya natafuta kadi yangu ya kusafiria.

Oktoba iliyopita, mapafu yalipoanza kumsumbua, alituita wanaume sita wa kanisani nyumbani kwake. Emérithe alitupikia sombe, yaani kisamvu, na ugali wa muhogo. Tulipomaliza kula akasema:

“Bon, musikilize. Miaka saba bananisukuma. Bananisukuma kwa dokta, bananisukuma kwa kanisa, bananisukuma mpaka kwa choo. Siku ya kunizika, munibebe. Batu sita, ku mabega. Sitaki kitu ya magurudumu.”

Tukaahidi wote sita. Papy, mwenyekiti wetu wa umoja wa wanaume, ambaye ni mfupi, alitaniwa sana. Zacharie alisema Papy akae upande wa miguu, la sivyo jeneza litateremka lenyewe kama gari lisilo na breki. Tulicheka, tukasali, tukaondoka. Emérithe alitusindikiza hadi kwenye lifti na kutushika mkono mmoja mmoja.

Alifariki wiki ya kwanza ya Januari. Huku maiti husubiri zamu, na zamu yetu ilikuwa Ijumaa ya mwisho ya mwezi, saa tano asubuhi, makaburi ya Spånga. Naomba msomaji aelewe jambo hili vizuri: kutoka mlangoni kwangu Tensta hadi makaburi ya Spånga ni robo saa kwa miguu. Bibi mwenye fimbo atachukua dakika ishirini.

Jumanne ya wiki ile magazeti yalianza. Idara ya hali ya hewa ilikuwa imetoa onyo la rangi ya machungwa, na ndani ya onyo lao waliandika “huenda” mara tatu, nililisoma baadaye. Magazeti hayana “huenda”. Jumatano dhoruba ilikuwa imeshapewa jina, Mnyama, na picha yake, ramani yenye doa la zambarau linalotambaa kuelekea kwetu kama ugonjwa. Simu yangu ililia kila nusu saa. Mtaalamu alieleza uishi vipi siku tatu bila umeme. Mtaalamu mwingine alieleza ukiwa na mbwa ufanye nini. Dukani Tensta mkate uliisha, mishumaa iliisha, maji ya chupa yaliisha katika nchi ambayo maji ya bomba ni matamu kuliko ya chupa. Mimi mwenyewe nilirudi nyumbani na kilo sita za unga na mishumaa arobaini. Nilijiona mtu mwenye akili.

Alhamisi jioni Papy alituma ujumbe wa sauti kwenye kundi la kanisa. Papy ndiye redio yetu. Huchukua habari za Kiswidi na kuzigeuza Kiswahili kwa ajili ya wazee, na akizigeuza huwa anazitilia chumvi, hawezi kujizuia. “Bandugu bapendwa, serikali imekataza batu kutoka. Hii Mnyama inaua. Kila mutu abakie ku nyumba yake na batoto yake.” Serikali haikukataza chochote. Walisema usisafiri ikiwa si lazima. Basi kumzika Zacharie haikuwa lazima! Hakuna hata mmoja katika kundi lile aliyeandika neno mazishi. Watu sabini na nane walijibu “Amina”, na wa sabini na nane nilikuwa mimi.

Ijumaa niliamka, nikanyoa, nikavaa suti nyeusi na tai. Kazini, shuleni ninakofanya kazi ya utunzaji wa majengo, nilikuwa nimeomba ruhusa ya msiba na nikapewa. Saa tatu na nusu niliwasha televisheni nione hali. Walikuwa wanatangaza moja kwa moja. Mwandishi wa habari, mwanamke kijana, alisimama mbele ya mlima wa theluji uliompita kichwa, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi, akisema hapa Tensta hali ni mbaya na wakazi wamejifungia.

Nikaenda dirishani. Alikuwa pale chini. Alisimama kwenye maegesho yetu, mbele ya lundo ambalo gari la kusafisha barabara lilikuwa limelikusanya wiki iliyopita, jeusi kwa moshi na mkojo wa mbwa. Mpiga picha alikuwa amepiga magoti ili lundo lionekane refu. Mama mmoja mwenye mifuko ya sokoni alitaka kupita, wakamwashiria asubiri, akasubiri, kisha akapita na kuendelea na safari zake. Theluji ilikuwa inaanguka kidogo kidogo, mtu angeweza kuhesabu. Basi lilipita kwa wakati wake.

Nilirudi kwenye kochi. Niliona kwa macho yangu kwamba ni uongo, nikarudi kukaa kwenye kochi na tai yangu na kuendelea kuutazama. Ningekuwa nimedanganywa, ningejisamehe. Sikudanganywa. Kulikuwa na baridi, nilikuwa nimechoka, bega langu lilikuwa linauma tangu Krismasi, na yule binti wa televisheni alikuwa amenipa ruhusa. Baadaye niliwauliza wenzangu watano mmoja mmoja. Kila mmoja aliniambia habari za Mnyama kwanza, na kila mmoja nilipomkazia macho alitazama chini.

Saa nne na nusu Emérithe alinipigia.

“Thomas, uko fasi gani? Uko wapi? Saa inafika.”

Nyuma yake nilisikia mngurumo na sauti za watu. Nikasema, “Mama Olive, pole sana. Barabara zimefungwa huku. Hakuna basi.”

“Barabara zimefungwa,” akarudia, na akakata simu.

Yaliyotokea makaburini nilielezwa na Mchungaji Gratien, ambaye ana miaka sabini na moja na goti bovu, na ambaye alifika kwa miguu kutoka Rinkeby. Walikuwa watano: yeye, Emérithe, Olive, na wanawake wawili wa kwaya. Theluji ilifika chini ya vifundo vya miguu. Wanaume wawili wa kampuni ya mazishi walisubiri kwa adabu, wakitazama saa kwa siri, kwa sababu baada ya Zacharie kulikuwa na mwingine. Kila Emérithe aliposikia gari aligeuka kutazama lango.

Saa tano na dakika ishirini na tano mmoja wa wale wa kampuni alimwambia Olive, kwa sauti ya chini, kwamba wanacho kigari cha kusukumia jeneza. Wana kigari safi tu, watu wengi hukitumia. Olive akamgeukia mama yake. Emérithe akasema hapana. Akavua glavu, akashika mpini wa jeneza upande wa kichwa, akawaambia wale wanawake washike. Wakashika wote, mchungaji na goti lake, na wale wawili wa kampuni pia. Zacharie alikuwa mtu mkubwa, na miaka ya kukaa ilikuwa imemwongezea uzito. Walimwinua kimo cha kiganja, wakaenda hatua mbili, goti la mchungaji likakataa, na jeneza likainama upande mmoja. Wakaliweka chini haraka lisianguke.

“Mamma, jag orkar inte,” Olive akasema. Mama, siwezi tena.

Basi wakaleta kigari. Zacharie alisukumwa hadi kaburini kwake, na mchungaji anasema gurudumu moja lilikuwa linalia njia nzima.

Jumamosi magazeti yaliuliza Mnyama alikwenda wapi. Waliandika kwa utani, kama watu waliosingizia na kuona haya kidogo. Mtaalamu alieleza kwamba alipinda kuelekea Estonia. Hakuna aliyeandika kwamba mtu alizikwa na wanawake wanne na mchungaji mmoja. Sitegemei waandike. Lakini wakati ule niliwatukana, peke yangu jikoni, kwa Kiha, Kiswahili na Kiswidi, mpaka jirani akagonga ukuta. Niliwatukana kwa sauti kubwa nisisikie kitu kingine.

Jumapili theluji ilikuja. Haikuwa na jina wala doa la zambarau. Magazeti yalikuwa yameaibika na hayakutaka kuchekwa tena. Ilifika chini ya magoti, na mabasi yakasimama kweli. Na sisi wanaume sita, pamoja na nusu ya kanisa, tulifika Akalla kwa Emérithe, na masufuria ya wali na nyama, tumelowa hadi mapajani. Nilitembea saa moja na nusu. Nilipofika sebuleni nilijisikia kama nimefanya kitu.

Mpaka leo sijui Papy alizungumza nini siku ile, lakini alizungumza sana, na kila sentensi ilikuwa na serikali ndani yake. Emérithe alisikiliza. Alimimina chai kwa kila mtu. Aliponifikia mimi nilishindwa kunyamaza. Nikamwambia kwa sauti ndogo, “Mama Olive, barabara hazikuwa zimefungwa.”

“Najua,” akasema. “Nilikupigia niko mu basi. Tulipita pale kwako.”

Nikaanza kusema habari za televisheni, lundo, yule mpiga picha aliyepiga magoti. Nilitaka akasirike pamoja nami, tuwakasirikie wao. Akaniacha niseme mpaka nikaishiwa.

“Thomas,” akasema, “mimi nilikuuliza uko fasi gani. Sikukuuliza barabara iko namna gani.”

Papy aliweka kikombe chake chini.

“Na musiniogope,” akaendelea, akitutazama sisi sita, si mimi peke yangu. “Mukikufa nitakuja. Kila mumoja wenu. Hata kama balisema dunia inaisha leo, nitatembea na hii miguu, nitashika sanduku yenu na hii mikono, nitawabeba. Nyinyi hamutajua kama nimekuja. Lakini wake zenu bataniona.”

Kisha akaniuliza kama chai yangu ina sukari ya kutosha. Nikasema inatosha, mama, asante.