Milango Miwili ya Kabati

Nikinusa rangi ya mafuta iliyopakwa sasa hivi, nakikumbuka chumba chetu kidogo cha Kariakoo, nilikolala na dada yangu kitanda kimoja, miguu ikigusa kabati lenye milango iliyobabuka.

Mama alikuwa amelazwa wiki nyingi. Tulimsikia baba akimwambia shangazi kwamba huenda tukapelekwa Moshi kwa bibi, maana peke yake hatatuweza. Siku hiyohiyo dada alifunga nguo zetu kwenye kanga, akaziweka chini ya kitanda.

Jumamosi moja baba aliingia na makopo mawili. Miaka ile rangi ilikuwa adimu madukani. Hizo alipewa na rafiki yake wa bandarini, moja ya kijani, nyingine ya maziwa.

"Chagueni rangi ya milango ya kabati," alisema.

Dada alitazama chini ya kitanda. Kisha akauliza, "Baba, tukienda Moshi, atalala nani humu?"

Baba akaweka makopo chini, akachuchumaa mbele yetu. "Hamwendi popote. Mama yenu anatoka Jumatatu. Daktari kaniambia asubuhi hii."

Dada alilia kwanza, kisha akasema anataka kijani. Mimi nikang'ang'ania maziwa. Tukagombana kwa sauti, jambo ambalo hatukuwa tumelifanya tangu mama augue, na baba hakutukataza. Alipaka kila mlango rangi yake.

Jumatatu mama aliingia polepole, akishika ukuta. Akalitazama kabati kwa muda.

"Nani kachagua hivi?"

"Baba," tukajibu wote wawili.