Niliziba gari la marehemu mzee lisiingize vumbi, nusura nimzibe mama pumzi

Wakuu, heshima zenu wote.

Hili limenipata mimi mwenyewe huku Simiyu na sijaongeza chumvi hata punje.

Marehemu mzee alituachia Crown ya zamani, hardtop. Nikisema hardtop simaanishi Land Cruiser, msije mkaanza. Nasema ile saluni ambayo milango yake haina fremu juu. Kioo kinasimama chenyewe, ukifunga mlango kinajibana kwenye raba iliyozunguka paa.

Raba zikichoka, gari linakuwa chekeche. Na za kwetu zilikuwa zimekauka, ukizigusa zinamomonyoka.

Mama anaishi Bukundi, kule Meatu, na ana pumu. Mimi ndiye ninayempeleka kliniki Bariadi. Basi la abiria hataki kulisikia, anasema gari la mume wake lipo. Barabara ile wakati wa kiangazi mnaijua. Tulikuwa tunafika mama ni mweupe kama ametoka mashine ya kusaga, anakohoa mpaka machozi.

Iliniuma sana. Nikaapa safari hii vumbi haliingii.

Raba zenyewe za Crown hiyo nilizikosa, nikanunua za gari lingine, nene zaidi. Nikazipeleka Bukundi, nikabandua za zamani kwa kisu, nikabandika mpya kwa gundi ya viatu. Gundi nyingi kwelikweli. Mimi kitu nikikifunga nataka kifungike.

Sikuishia hapo. Kwetu pamba haikosekani, mama alikuwa na mabaki ya msimu kwenye kiroba. Nikasokomeza pamba kwenye matundu yote ya hewa ya dashibodi, nikashindilia kwa bisibisi.

Dada yangu Kabula alikuwa amesimama ananiangalia. Akauliza, "Sasa hewa itapitia wapi?"

Nikamjibu aniachie mambo ya magari. Dada zetu wa humu mnisamehe, nililipa.

Asubuhi vioo vilipanda kwa shida. Nikakaza mpaka vikazama kwenye raba. Mama na Kabula wakakaa nyuma, mimi mbele peke yangu, tukaondoka.

Mwanzoni ilikuwa raha tupu. Nje vumbi halikuonyesha hata mti, ndani hakuna kitu. Mama akapitisha kidole kwenye kiti, akakitazama, kisafi.

"Wabeja, ng'wanawane," akasema. Asante mwanangu, hiyo. Kichwa kikanivimba.

Kisha jua likapanda.

Gundi ikaanza kunuka. Nikajisemea itaisha. Tulipokaribia lambo moja kabla ya Mwanhuzi, macho yalikuwa yananichoma na mama ameacha kuongea. Mama yangu kuacha kuongea ndani ya gari si kawaida.

Pale barabara imeinuliwa, pembeni ni mtaro. Ng'ombe walikuwa wanakwenda kunywa maji, kundi kubwa. Nikasimama wapite. Wakatuzunguka mbele, nyuma na ubavuni, matumbo yamebana milango.

Ndipo nikasikia kifua cha mama kinapiga filimbi.

Kabula akampa dawa yake ya kuvuta. Akavuta. Akavuta tena. Haikumsaidia kitu, maana alichokuwa anavuta baada ya dawa ni ileile gundi.

"Shusha kioo!" Kabula akapiga kelele.

Nikazungusha mkono wa kioo changu. Kitu kikakatika ndani ya mlango, mkono ukawa unazunguka bure. Kabula akajaribu wa kwake na wa mama, nami nikajaribu wa kushoto mbele, hakuna uliosogea hata kidogo. Gundi iliyovuja ilikuwa imelainika kwa joto na kuvishika vioo.

Nikasukuma mlango kwa bega. Ng'ombe hakujali.

Nikanyoosha mkono kwenye honi. Mama akatikisa kichwa. Pumzi ya kuzungumza hana, lakini akaonyesha nje kwa kidole. Wachungaji, wengi wao watoto, walikuwa katikati ya kundi. Ng'ombe wakishtuka pale, watu wanakanyagwa. Mwanamke anakosa hewa na bado anawaza watoto wa wenzake.

Nikaanza kuchimbua pamba kwa vidole. Inatoka kidogo kidogo, nyingine nilishaishindilia ndani kabisa. Nikawasha feni, ikatupulizia joto.

Nikageuka. Midomo ya mama ilikuwa imebadilika rangi.

Chini ya kiti nilikuwa na spana ya magurudumu. Nikaishika, nikakitazama kioo cha mbele kushoto. Mzee alikuwa anakifuta kwa shati lake mwenyewe, hakuruhusu mtu hata akiegemee. Na vioo hivyo ukivunja umevunja, hakuna duka utakapovikuta.

Wakuu, nilisita. Ni kitambo kidogo tu, lakini nilisita, na hilo ndilo linaloninyima raha mpaka leo.

Kabula akaita jina langu. Nikapiga.

Kioo kikamwagika chote. Vumbi likaingia, na ng'ombe mmoja akaingiza pua. Tukamvuta mama mpaka kiti cha mbele, uso wake ukawa dirishani. Mchungaji mmoja, mtu mzima, akatuona. Akawasukuma ng'ombe kwa mikono, hakutumia fimbo, akafungua mlango.

"Mayu, kulikoni?" akauliza. Mayu ndiyo mama kwetu.

Mama alikuwa anapumua. Lile vumbi nililoapa kulifungia nje, analivuta na halalamiki. Dawa nayo ikaanza kushika.

Nikakaa chini barabarani nikalia, mtu mzima mimi.

Bariadi tulifika salama, daktari akamlaza kidogo kisha akamruhusu. Kuhusu ile gundi alinisema vya kutosha, sitarudia hapa.

Funzo langu: ukibadilisha raba za hardtop, tafuta za unene wake, gundi iwe kidogo, liache gari juani milango wazi mpaka harufu iishe. Pandisha na kushusha kila kioo kabla hujabeba mtu. Na matundu ya hewa yaacheni jamani.

Mwenye kioo cha mlango wa mbele kushoto aje PM, kwa sasa nimeziba na plastiki. Na waliowahi kuzishughulikia hizi raba, mwageni ujuzi. Hata matusi leteni, nastahili.

Mama bado anapanda gari la mume wake. Ila sasa anakaa mbele, na kabla sijawasha anaingiza kidole kwenye tundu la hewa, anapekua kama kuna pamba. Akimaliza ndiyo ananiambia twende.