Maana Rasmi ya Wimbo wa Jogoo Filimbi

Mwaka 1975 nilipewa ng'ombe mzima, mbele ya umati, kwa kosa la kumtukana mwalimu.

Sijakosea kuandika. Rudia kusoma ukitaka.

Wenzangu walitukana walimu wakala viboko, mambo yakaisha. Mimi nilipewa mtamba mwekundu mwenye pembe ndefu, watu wakapiga makofi, afisa wa serikali akanipa mkono wa pongezi. Na sijapata adhabu kali kuliko ile maishani mwangu.

Basi tulieni.

Nilikuwa kidato cha tatu, shule ya bweni pale Kasulu. Shule siitaji jina, maana bado naiogopa.

Tulikuwa na bendi ya watu watatu.

Hilali alipiga ngoma. Ngoma yenyewe ilikuwa pipa la mafuta na ngozi ya mbuzi. Baba yake, Mzee Isihaka, alikuwa mfanyabiashara mjini, na gereji ya lori lake ndiyo ilikuwa ukumbi wetu kila Jumamosi mchana.

Leonidasi alipiga gitaa. Alivuka nalo mpaka kutoka Burundi mwaka 1972, yeye na gitaa na mama yake, basi. Waya mmoja ulikuwa wa breki ya baiskeli.

Mimi, Venanti, nilitunga na kuimba. Sauti sikuwa nayo, lakini nilikuwa na maneno.

Tulijiita Bendi ya Grisi. Hatukupiga dansi, hatukupiga jazi. Tulipiga kile tulichokisikia kwenye santuri alizoacha mwalimu mmoja mgeni: gitaa linalolia kama bati linaburuzwa kwenye mawe. Spika tuliiunga kwenye betri ya lori.

Mzee Isihaka alikuwa akija mlangoni na kanzu yake, anatikisa kichwa.

"Hilali mwanangu, hawa wanaumwa au wanaimba?"

"Wanaimba, baba."

"Haya. Wakimaliza kuumwa, wafagie."

Tulikuwa na nyimbo tatu tu.

Wa kwanza, "Gia ya Tatu", ulihusu lori la Mzee Isihaka, ambalo gia ya pili ilikuwa imekufa. Wa pili uliitwa "Winifrida", na ulimhusu Winifrida. Binti wa Kitanga, kijijini kwetu. Hapo sina maelezo zaidi.

Wa tatu ndio ulioniponza. "Jogoo Filimbi".

Pale shuleni tulikuwa na mwalimu wa nidhamu, Mwalimu Melkiadi. Miguu miembamba, kaptula pana, kifua mbele. Saa kumi na moja alfajiri anapita mabwenini na filimbi, anapuliza hadi ubongo unahama. Halafu mahindi ya shamba la shule, tuliyolima sisi, yeye ndiye alikuwa wa kwanza kuyaonja.

Nikatunga:

*Jogoo kapiga filimbi, jua bado limelala,*
*Miguu kama vijiti, kifua kinatangulia,*
*Vifaranga wanalima, jogoo anadonoa,*
*Jogoo, jogoo, nani kakuweka zamu?*

Wiki mbili tu, shule nzima inauimba. Mwalimu akiingia bwaloni, meza ya mwisho inaanza kuuvumisha puani. Akigeuka, kimya. Watu wanatafuna maharage kwa unyenyekevu mkubwa.

Siku moja akaniita ofisini.

"Venanti. Huyu jogoo ni nani?"

"Ni jogoo tu, mwalimu."

"Jogoo ana filimbi?"

"Ni jogoo wa kisasa, mwalimu."

Hakunipiga, na hilo ndilo lililonitisha.

"Nasikia mnakwenda kupiga Kibondo, Saba Saba. Nami nitakuja kukaa pale mbele. Nikisikia kwa masikio yangu kwamba jogoo huyo ni mimi, shuleni hurudi. Sanduku lako litakutangulia Kitanga."

Nikaishiwa pozi.

Baba yangu alikuwa ameshawaambia Kitanga nzima kwamba nitakuwa bwana shamba. Kuna wazee walikuwa wameshaanza kuniamkia kwa heshima. Leo nirudi na sanduku kwa sababu ya kuku?

Nikasema basi, huo wimbo tuuache. Ila haikuwezekana. Kulikuwa na Bwana Nestori.

Bwana Nestori alikuwa afisa utamaduni kule Kibondo. Mtu mwema sana, mwenye kalamu tatu mfukoni. Alikuwa ametuletea fomu: kila bendi iandike nyimbo zake zote na maana ya kila wimbo, nakala tatu. Wimbo usio na maana haupigwi. Nyimbo zikipungua tatu, bendi haipandi jukwaani.

Nikakaa na fomu gerejini, chini ya lori.

"Andika ukweli," akasema Leonidasi.

"Ukweli ndio utanifukuzisha shule."

"Basi andika uongo mrefu," akasema Hilali. "Mfupi wataushtukia."

Nikaandika, na ninakiri sijawahi kuandika vizuri vile tena.

"Gia ya Tatu": taifa linalokataa kwenda polepole.

"Winifrida": ardhi yetu yenye rutuba, inayosubiri jembe na samadi.

"Jogoo Filimbi": kiongozi shupavu anayeamka kabla ya wananchi. Filimbi ni wito wa kilimo. Miguu kama vijiti ni ishara ya mtu asiyejilimbikizia mali. Kifua ni ujasiri. Kudonoa mahindi ni ukaguzi wa mazao kwa niaba ya umma.

Leonidasi akasoma, akashika kichwa.

"Venanti, wewe utakufa."

Saba Saba ikafika. Lori likatupeleka Kibondo kwa gia ya kwanza na ya tatu, tumepakwa vumbi hadi kope.

Uwanja ulijaa. Ngoma za vijiji, kwaya, wazee na fimbo zao. Winifrida naye yupo, amekuja na kikundi cha ngoma cha Kitanga. Na pale mstari wa mbele, kaptula imepigwa pasi, filimbi shingoni: Mwalimu Melkiadi.

Bwana Nestori akapanda jukwaani na karatasi zangu. Sikujua kwamba angesoma maana kwa kipaza sauti kabla ya kila wimbo.

Akasoma ya kwanza. Makofi.

Akasoma ya pili. Alipofika kwenye samadi, nikamwona Winifrida amefungua mdomo. Tulipomaliza kupiga, akasogea hadi miguuni pangu.

"Kwa hiyo mimi ni shamba la kumwagia mavi ya ng'ombe?"

"Winifrida, ni mambo ya fomu..."

Akaondoka. Ukawa mwisho wa sura hiyo.

Kisha ya tatu. Bwana Nestori akavuta pumzi, akasoma kama anasoma Injili. Kiongozi shupavu. Asiyejilimbikizia. Ukaguzi wa mazao kwa niaba ya umma. Wazee wakaanza kuitikia, "Ego! Ego!", ndivyo, ndivyo.

Tukapiga. Mimi naimba, jicho kwa Mwalimu Melkiadi.

Wimbo ulipoisha, akasimama.

Akanyoosha mkono. Akapewa kipaza sauti.

Nikaliona sanduku langu likipanda kilima cha Kitanga lenyewe.

"Ndugu wananchi," akasema. "Wimbo huu mmeusikia. Na maana mmeisikia. Kiongozi huyu anayesifiwa hapa ni mimi."



Bwana Nestori akanigeukia. "Kijana, ni kweli? Ni yeye?"

Jamani. Wiki nzima nimejiandaa kuapa kwamba siye. Sasa nikisema siye, nimemwaibisha mwalimu wangu mbele ya wilaya nzima. Hapo hata sanduku sitapewa.

"Ni yeye," nikasema. "Kila mstari."

Uwanja ukalipuka kwa vigelegele.

"Mtu akisifiwa hadharani hakai mikono mitupu," Mwalimu Melkiadi akaendelea. "Mimi nina zizi. Venanti, nakugabira ng'ombe."

Wazee wote wakaanza kupiga makofi yale ya Kiha, taratibu, viganja vimekunjwa, wamepiga magoti nusu.

Hapa asiye wa huku lazima aelezwe. Zamani kwetu, mwenye mali akikugabira ng'ombe, hajakupa ng'ombe tu. Amekuchukua. Unakuwa mtu wake, yeye ni databuja wako. Unamletea kuni, unamjengea uzio, unamsifu palipo na watu. Huo ndio ubugabire.

Leonidasi akaninong'oneza nyuma ya gitaa, jasho linamtoka. "Usipokee! Kwetu babu yangu alipokea mmoja, akatumika miaka thelathini!"

Hilali, ambaye ukoo wao una asili ya pwani na hajui lolote, akanipiga kiwiko. "Pokea wewe! Ng'ombe wa bure!"

Nikafikiri kisomi. Nikasema hii ni 1975, tuko kwenye ujamaa, mambo ya watemi yamekwisha. Ng'ombe ni ng'ombe.

Nikapiga magoti, nikapokea.

Bwana Nestori alikuwa ameanza kusema jambo kuhusu ubwana na utwana. Lakini yeye mwenyewe ni Muha, na mikono yake ilikuwa tayari inapiga makofi.

Habari zilifika Kitanga kabla yangu. Baba alinipokea njiani, machozi yanamlenga.

"Mwanangu! Sasa na sisi tuna databuja!"

"Baba, hayo mambo yalikwisha."

"Yalikwisha kwa nani? Ng'ombe si yule pale anakula?"

Jumamosi iliyofuata, baba alitembea kutoka Kitanga hadi shuleni na mzigo wa kuni kichwani, akanikabidhi, akanisindikiza hadi nyumbani kwa Mwalimu Melkiadi. Nikatua kuni. Nikachota maji. Nikarekebisha uzio. Na kabla sijaaga, mwalimu akaketi kwenye kiti chake cha kamba, akasema kwa upole:

"Sasa niimbie ule wimbo wangu."

Nikauimba peke yangu, bila gitaa. Majirani wameegemea uzio niliousuka mwenyewe.

Kila Jumamosi, mwaka mmoja na miezi mitano. Bendi ya Grisi ilikufa kwa kukosa mwimbaji. Na shuleni hakuna aliyeuimba tena wimbo ule. Nani atavumisha puani wimbo ambao mwalimu mwenyewe anaupenda?

Ng'ombe akazaa. Ndama wa kwanza, kwa desturi, akarudi kwa databuja.

Siku ya kumaliza kidato cha nne nilikwenda kumuaga. Nikakusanya ujasiri wote.

"Mwalimu, niruhusu niseme kweli. Ule wimbo..."

"Ulikuwa matusi," akasema, anamenya chungwa. "Nilijua toka siku ya kwanza. Tena ule mstari wa miguu uliniuma."



"Sasa kwa nini ukanipa ng'ombe?"

"Venanti, nimefundisha miaka kumi na moja. Kila mwaka darasa linazaa mtunzi mmoja. Wawili wa kwanza niliwafukuza. Wakaenda kuziimba nyimbo zao kwenye kila kilabu cha pombe, kuanzia Kasulu hadi Kibondo. Mpaka mama mkwe wangu akazijua." Akanipa kipande cha chungwa. "Wewe umeniimbia mimi peke yangu, kila Jumamosi, na kuni umeleta."

Akanyanyuka, akanipa mkono.

"Na ile maana uliyoandika ni nzuri sana. Nimeibandika ukutani. Wageni wanaisoma."

Basi, ndugu zangu, funzo ni hili, na nimelilipia kwa mgongo: mtu akikuuliza maana ya wimbo wako, usikimbilie kujibu. Muulize kwanza yeye anafuga nini.