Atakayekaa na Mizigo

Ukiingia supamaketi ile iliyo mkabala na stendi, kabla hujafika kwenye mchele wala sabuni, lazima upite kwake. Kaunta ya mizigo iko mkono wa kushoto. Nyuma yake kuna rafu ya mbao iliyogawanywa vyumba vidogo vidogo, na mbele ya rafu ameketi mama mmoja mwenye miwani inayoning'inia shingoni kwa uzi. Unampa mkoba wako, anausukuma chumbani mwake, anakupa kibati chenye namba. Ukitoka unarudisha kibati, unapewa mkoba. Kwa ajili hiyo mtaa mzima unamwita Bi Kibati, na jina alilopewa na wazazi wake nadhani analikumbuka mwenyewe tu, siku za kupiga kura.

Msidhani ni kazi ya kukaa tu. Mikoba ina maneno mengi. Wa muuguzi unanuka dawa. Wa mwanafunzi aliye hoi na mtihani ni mzito kuliko mwenyewe, maana anayejua masomo yake habebi vitabu vyote. Lakini Bi Kibati hafungui mkoba wa mtu na hasemi ya mtu. Neno lake pale kaunta ni moja: "Haya." Unamwambia awe mwangalifu, ndani kuna mayai: haya. Unamwambia una haraka: haya. Unamfokea kwa sababu umepoteza kibati mwenyewe: haya mwanangu, hebu tutafute. Mimi ningekuwa nimeshamrushia mtu mkoba wake siku nyingi.

Taabu ya neno hilo ni kwamba alikuwa akirudi nalo nyumbani.

Hakubahatika kuolewa, au wanaume hawakubahatika kumwoa, inategemea nani anasimulia. Mama yao alifariki yeye akiwa msichana tu, akabaki na mdogo wake wa kiume. Akamlea, akamsomesha, akamwoza. Sasa yule mdogo ana mvi na kitambi, na kazi yake ni kupanga zamu za wafanyakazi katika kiwanda cha sabuni. Kazi imemwingia mwilini. Hata wageni wakija kwake kunywa chai, anawapangia nani akae kiti gani.

Ni yeye aliyeanzisha safari ya familia ya kila mwaka kwenda kisiwani. Kisiwa chenyewe kiko mwendo mfupi kwa boti, na upande wake wa nyuma miamba imeyazunguka maji yakawa kama beseni kubwa, maji maangavu ambayo ukisimama ndani unaviona vidole vyako vya miguu. Hakuna asiyekijua. Ukichelewa asubuhi unakuta vichwa vya watu vimebanana majini kama vyombo vinavyongoja kuoshwa. Na kwa kuwa kila mtu huenda, wezi wa viatu nao huenda. Kwa hiyo lazima abaki mtu na mizigo.

Mtu huyo alikuwa Bi Kibati. Hakuna aliyeketi akaamua. Mwaka wa kwanza ilikuwa "shangazi, tushikie kidogo," mwaka uliofuata hakuna aliyeona haja ya kusema "kidogo," na baada ya hapo ikawa sheria. Wenzake wanaingia majini wakipiga kelele, yeye yuko chini ya mwavuli, simu za watu zimejaa mapajani, viatu vimepangwa kushoto na kulia kwake utadhani anaviuza. Hawakuwa watu wabaya. Walisema mtu mzima apumzike. Walikuwa wanamheshimu, na heshima nayo ina namna yake ya kumfungia mtu nje.

Mwaka huu Bi Kibati alitaka kuingia majini.

Ilianza na mkoba unaovuja. Kulikuwa na mteja mmoja, mwanamke mrefu mwenye mabega mapana, ambaye mkoba wake ulikuwa na unyevunyevu kila mara. Siku hiyo ukavuja mpaka kwenye mkoba wa jirani.

"Mama, humu umeweka nini, samaki?" Bi Kibati aliuliza.

Yule mwanamke akacheka. Alikuwa mwalimu wa kuogelea, anafundisha kwenye bwawa la shule moja ya watoto, barabara ya pili tu kutoka hapo.

"Na mtu mzima anafundishika?"

Swali lilimtoka kabla hajalizuia, na aliyeshtuka zaidi ni yeye mwenyewe. Mwalimu alimtazama, akamwambia siku yake ya mapumziko aje, lakini akubali kuchanganywa na darasa la kwanza.

Akaenda. Alinunua vazi jeusi la kuogelea, refu mpaka magotini, akalivaa ndani ya gauni toka nyumbani kwa kuogopa vyumba vya kubadilishia nguo. Watoto walimpokea kama mwanafunzi mgeni aliyehamia katikati ya muhula. Mmoja aliyekuwa na pengo mbele alimshika mkono na kumpa siri ya mjini: "Bibi, pumzi itoe kwa pua. Usiyanywe, watu wanakojoa humu." Ushauri ulikuja umechelewa, alikuwa ameshameza ya kutosha.

Wanaosema samaki mkunje angali mbichi hawakuwepo siku Bi Kibati alipoelea. Alikuwa amelala chali, mkono wa mwalimu chini ya mgongo, halafu mkono ukaondoka na yeye asizame. Masikio yalikuwa ndani ya maji. Kelele za watoto zikawa mbali, na juu yake palikuwa na anga tupu, wala hapakuwa na mtu anayemnyooshea kitu cha kushika. Alifurahi mpaka akalia, na kwa kuwa alikuwa ameloa tayari, hakuna aliyejua.

Nyumbani hakusema. Alitaka aseme siku ya kupanga safari, mbele ya wote, halafu aende akaelee kule kwenye maji ya kisiwani aliyokuwa ameyatazama miaka nenda miaka rudi.

Siku ikafika. Walikutana sebuleni kwa mdogo wake, Jumapili mchana: mdogo wake na kalamu yake, wifi yake, na binti yao aliyemaliza chuo juzi, mtoto mzuri ila kichwa chake huwa ndani ya simu.

"Boti ya kwanza," mdogo wake alianza. "Atakayechelewa tutamsimulia. Mke wangu, chakula. Wewe binti, piga simu tuwekewe nafasi, na uhakikishe boti ina maboya ya kuvaa, siyo yale yaliyochanika. Dada, wewe mizigo, kama kawaida."

"Haya," alisema Bi Kibati.

Lilishatoka. Wenzake walikuwa wameshahamia kwenye habari ya matunda, tikiti maji linabebeka au halibebeki, na yeye amekaa pale na kikombe mkononi akiusikitikia mdomo wake. Alirudi nyumbani kwa miguu, amejikasirikia njia nzima. Mtu gani huyu, alijiambia, anaweza kulala juu ya maji lakini hawezi kusema hapana juu ya kochi?

Wiki iliyofuata alijaribu kutengeneza. Alimpigia mdogo wake simu. Mdogo wake akamweleza habari za viti vya boti na upande usiopigwa na jua, akamwambia ajitunze, akakata. Kazini, kukiwa hakuna mtu, alifanya mazoezi kwa sauti ya chini. "Mimi mwaka huu naogelea. Mimi mwaka huu naogelea." Akainua macho, akakuta baba mmoja amesimama na begi lake.

"Hongera, mama," yule baba alisema, akachukua kibati chake akaenda kununua viazi.

Mwalimu wake alipopewa kisa chote hakumwonea huruma. "Maji umeyaweza, mama," alimwambia. "Umebaki mdomo."

Zilipobaki siku mbili waende, walikutana tena sebule ileile kukamilisha. Mdogo wake alirudia kila kitu toka mwanzo kama anavyowafanyia watu wa zamu ya usiku. Boti tayari. Chakula tayari.

"Dada, mizigo."

Bi Kibati akapiga moyo konde. "Hapana," alisema.

Ndani ya nyumba ile neno hilo lilikuwa halijawahi kutoka kinywani mwake. Hata binti aliinua macho kwenye simu.

"Hapana nini, dada?"

"Sikai na mizigo. Naingia majini. Nimejifunza kuogelea."

Mdogo wake alicheka, kisha akaona anacheka peke yake. "Wewe? Utazama, dada."

"Sizami. Naelea."

"Tangu lini, wifi?" wifi yake aliuliza, na macho yake yalikuwa yanawaka kwa furaha. Bi Kibati akawaeleza: mkoba uliovuja, bwawa la shule, darasa la kwanza, yule mwenye pengo.

"Shangazi! Na hukuniita nikupige picha!" Binti alikuwa ameshasimama.

Mdogo wake akaiweka kalamu mezani. "Mambo mengine tuangalie umri. Watu watasemaje?"

"Watasema yule mama anaelea."

"Na mizigo ataangalia nani?"

"Siku hizi kuna makabati ya kukodi, baba," alisema binti.

"Makabati yale yanafunguka hata kwa kijiko."

"Basi tupokezane," alisema wifi. "Mimi mwenyewe nitakaa kwanza."

"Wewe una chakula."

"Chakula si kimepikwa tayari? Au nitakuwa nakipigia mbizi?"

Kila mlango aliofunga, mkewe na binti yake waliufungua, mpaka ikabaki wazi kwamba shida haikuwa mizigo. Hapo akapandisha sauti, kitu ambacho hakuwahi kumfanyia dada yake tangu azaliwe. "Nimesema dada anakaa!"

Wifi, ambaye akili anazo, akainuka. "Binti, njoo unisaidie kuosha vikombe." Vikombe vilikuwa safi, lakini waliondoka navyo.

Wakabaki wawili. Mdogo wake alikuwa anatazama zulia.

"Nisamehe, dada."

"Nimesamehe. Una nini?"

"Mimi majini siyo hodari. Hawa wanadhani ni hodari kwa sababu napiga kelele. Maji yakifika hapa," akagusa kifua, "moyo unanienda mbio. Basi huwa nageuka nakutafuta. Nikikuona umekaa pale chini ya mwavuli, moyo unatulia, naendelea. Kila mwaka ni hivyo. Sasa nikigeuka nisikuone..." Hakumaliza.

Bi Kibati alimtazama. Aliziona mvi, akamwona pia mtoto aliyekuwa akimpeleka shule na kumngoja getini mpaka aingie darasani, kwa sababu alikuwa akigeuka, kila siku, kuhakikisha hajaondoka. Alimpenda sana mdogo wake saa ile. Ile "haya" yake ilipanda ikafika kwenye meno, na ilikuwa rahisi kuitoa kuliko kitu chochote duniani.

Akaimeza.

"Mdogo wangu," alisema, "na mimi naogopa. Nimejifunzia kwenye bwawa lenye ukuta pande zote, mwalimu yuko hapa, watoto wako pale. Kule kisiwani sijawahi kutia hata kidole. Nikiwa mle ndani nitataka kugeuka. Na nikigeuka, na mimi nataka nimwone mtu wangu amekaa."

Jikoni maji ya bomba yalikuwa yanatiririka kwa nguvu, wale wawili wakiosha vikombe visivyo na uchafu ili wasisikie, au ili waonekane hawasikii. Mdogo wake aliichukua kalamu, akaizungusha vidoleni, akairudisha.

"Kwa hiyo nikae mimi."

"Kaa wewe."

"Siku nzima?"

"Mimi sitaelea siku nzima. Lakini mpaka nitoke."

Akakubali kwa kichwa, polepole. Kisha, kwa kuwa ni mtu wa kupanga na asingeweza kuacha jambo lielee hivihivi, akauliza, "Pale unakaliaga nini? Kuna viti?"

"Viti vipo, vya kukodi. Chagua chenye mgongo. Mwavuli usogeze kila jua linapohama, usingoje likufikie. Simu zikilia usipokee, utakesha unatafuta wenyewe. Na chakula chako kifungwe peke yake, kikae na wewe."

"Cha nini kukifunga peke yake? Si wanaleta?"

"Wewe kifunge."

"Lakini dada, si huwa tunatoka majini tunakula wote?"

"Mnatoka, mnakula palepale mlipotokea, mnarudi majini. Mtu akiwa na raha hakumbuki kama kuna aliyekaa."

Mdogo wake akamtazama, na safari hii hakutazama zulia. "Miaka yote, dada?"

Bi Kibati alifikiri, maana hakupenda kumsingizia mtu.

"Mwaka ule wa mvua," alisema, "mliniletea ndizi."